Wosia Peke Yake Hautoshi

Katika misiba mingi ya Tanzania, kabla waombolezaji hawajatawanyika makaburini, msemaji wa familia husimama na kutoa tangazo ambalo kila mtu mzima amelisikia: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, aonane na familia. Ni tangazo la kiungwana. Kwa Mwislamu, deni hulipwa kabla ya wosia na kabla ya urithi. Kwa Mkristo pia si heshima mtu kuzikwa na haki ya mwenzake. Lakini tangazo hilo huita upande mmoja tu. Wanaodai huitwa, wanaodaiwa hawaitwi. Fundi aliyepokea malipo ya awali ya madirisha na hajayaleta, mpangaji mwenye malimbikizo ya kodi, jirani aliyekopeshwa ada ya mwanawe, kijana aliyekabidhiwa bodaboda kwa makubaliano ya mdomo, wote wamesimama pale pale wanasikiliza, na wakipenda wanakwenda zao kimya. Hata katika wale watakaojitokeza, familia haina namna ya kumtenga mkweli na mwongo, kwa sababu mtu aliyejua ukweli ndiye aliyefukiwa muda mfupi uliopita.

Mjadala wetu wa mirathi, redioni, mahakamani na hata kwenye nyumba za ibada, huwa mjadala wa mgawanyo: nani apate nini, kwa sheria ipi, na mbona marehemu hakuacha wosia. Nadhani swali hilo tumelipa nafasi ya kwanza ilhali ni la pili. Kabla ya kugawa kuna kujua. Marehemu alikuwa na nini, alimdai nani, alidaiwa na nani, nyaraka zake zinamtambua kwa jina gani, na nani hasa ni wake? Hayo ni maswali ya ushahidi, na wosia peke yake hauyajibu. Wosia ni kauli ya matakwa. Unaweza kusema nyumba ya Tabata apewe binti mkubwa, kumbe kiwanja ilipojengwa mkataba wake wa mauziano hauonekani popote. Kinyume chake, aliyekufa bila wosia lakini akaacha kumbukumbu zilizopangwa amewaachia wenzake kazi inayowezekana, maana sheria inajua kugawa mali ya asiye na wosia. Isichoweza ni kuigundua mali ambayo hakuna anayeijua.

Tazama kazi anayopewa msimamizi wa mirathi. Ukoo hukaa kikao, huandika muhtasari, humpendekeza mtu, naye hupeleka maombi Mahakama ya Mwanzo akiwa na cheti cha kifo, majina ya warithi na makadirio ya mali. Akishateuliwa, kanuni za mwaka 1971 zinazoongoza mirathi katika mahakama hizo zinampa miezi 4 kuwasilisha taarifa ya kweli na kamili ya mali na madeni yote, kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu kwa Fomu Namba 6. Kwa mirathi inayokwenda Mahakama Kuu chini ya Sura ya 352 ya Sheria za Tanzania, orodha ya mali inatakiwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Anayetakiwa kufanya hayo mara nyingi ni mdogo wa marehemu anayeishi mkoa mwingine, au mjane aliye katika eda, au mtoto wa kwanza aliyekuwa bado chuoni. Ndani ya muda huo ajue kila akaunti, kila shamba, kila hisa ya kikoba na kila deni. Asipojua, ana njia mbili na zote mbaya: aandike anachokijua na mengine yapotee, au aombe kuongezewa muda tena na tena huku warithi wakianza kumshuku.

Malalamiko kwamba msimamizi ameficha mali ni ya kawaida katika mahakama zetu, na mengine ni ya kweli kabisa. Lakini pasipo na orodha iliyoachwa na marehemu mwenyewe, msimamizi mwaminifu na mwizi hufanana machoni pa warithi. Wote wawili wanasema hivi ndivyo walivyovikuta vitu, na hakuna kipimo cha kuwatofautisha. Orodha ya marehemu humlinda mmoja na kumbana mwingine kwa wakati uleule. Hii ndiyo faida ninayoiona kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko kuokoa muda na nauli, kwa sababu ndugu wakishaanza kushukiana wakati wa mirathi, si rahisi kuwarudisha pamoja hata baada ya hukumu.

Tena mahali ambapo taarifa hazipo hapakai wazi. Hujazwa na mwenye nguvu. Wanaojua mambo ya marehemu ni mshirika wake wa biashara, kaka aliyekuwa akimtuma, mke aliyekuwa akiishi naye siku za mwisho, au yule tu aliyewahi kufika chumbani na kulifungua sanduku. Wasiojua ni mjane wa nyumba ya pili, watoto wadogo, watoto waliozaliwa nje ya ndoa, wazazi wazee kijijini. Kwa hiyo mtu anayeacha mambo yake yakiwa yametawanyika hajawatendea warithi wote sawa. Amekwisha kuwapendelea baadhi yao bila kujua, na kwa kawaida ni wale ambao hawakuhitaji kupendelewa.

Dawa ni kila mtu kuwa na faili la kumbukumbu zake. Katika kulipanga nianze na jina, kwa sababu matatizo mengi huanzia hapo na hayagharimu mengi kuyazuia. Mtu alibatizwa kwa jina moja, akaandikishwa shule kwa jina la babu, akafungua akaunti kwa majina mawili, akanunua kiwanja kwa jina analoitwa mtaani, na kitambulisho chake cha taifa kikatoka na herufi moja imebadilika. Akiwa hai, hakuna anayeuliza. Akifa, benki inasema jina la kwenye cheti cha kifo silo la kwenye akaunti, na ofisi ya ardhi inasema vivyo hivyo. Wanawake huumia zaidi kwa hili, maana kuna jina la kwao, jina la ndoa, na lile la Mama Fulani ambalo katika daftari la kikundi ndilo pekee lililoandikwa. Mtu aliye hai anaweza kwenda kwa wakili na kula kiapo kwamba majina haya yote ni yake, na kiapo hicho kina uzito kwa kuwa ni chake. Baada ya kifo, kiapo hicho hulazimika kutolewa na watu wengine, nao wanaweza kupingwa. Basi hati ya kiapo cha majina, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote na cheti cha ndoa, ndivyo vitangulie kwenye faili hata kabla ya karatasi za mali. Vyeti hivyo ndivyo humthibitisha mrithi kuwa mrithi.

Ardhi ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi umbali uliopo kati ya kuwa na mali na kuwa na ushahidi wa mali. Tanzania Bara, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu huwa na haki ya kuikalia na kuitumia. Haki hiyo huthibitishwa kwa nyaraka za namna nyingi. Yupo mwenye hati miliki iliyosajiliwa. Yupo mwenye barua ya toleo, ile tunayoiita ofa, ambaye hakuendelea mpaka kupata hati. Yupo mwenye leseni ya makazi katika mtaa uliojengwa kabla ya kupimwa. Kijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, yupo mwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Na wapo wengi sana wenye karatasi moja tu: mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ukiwa na sahihi za mashahidi wawili watatu. Mwenye hati iliyosajiliwa akifa na nakala yake ikapotea, daftari la Msajili wa Hati bado lipo. Mwenye mkataba wa mkono akifa na karatasi ikapotea, kinachobaki ni kumbukumbu za watu, na watu nao hufa, huhama, huacha uenyekiti na kuondoka na mihuri yao. Watoto wa muuzaji wanaweza kuja miaka 15 baadaye kudai kwamba baba yao alikodisha tu.

Kwa sababu hiyo, mwenye ushahidi dhaifu ana kazi kubwa kuliko mwenye hati, ingawa mazoea yetu ni kinyume: mwenye hati huifungia kabatini kwa kufuli, na mwenye mkataba wa mkono huukunja na kuuweka chini ya godoro. Pamoja na mkataba wake, huyu wa pili anapaswa kuweka majina kamili ya mashahidi na mahali wanapopatikana, majina ya majirani wa mipaka yote, risiti za kila awamu aliyolipa, na maelezo ya alama za mpaka kama zilivyokuwa siku ya kununua. Hata karatasi za kodi zimepungua. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa pale umeme wa LUKU unaponunuliwa, na anayenunua umeme anaweza kuwa mpangaji. Ile risiti ya kila mwaka yenye jina la mwenye nyumba imetoweka kwa wengi. Kodi ya pango la ardhi bado hulipwa kwa kiwanja husika, na risiti zake ni vyema zikae na hati, maana zinaonyesha nani alikuwa akijihesabu mwenye mali na kubeba mzigo wake.

Kundi moja lina hatari ya pekee: walio ughaibuni, Muscat, Dubai, London au Houston. Mtu hutuma fedha miaka mingi, nduguye anasimamia ujenzi, na mkataba wa kiwanja unaandikwa kwa jina la huyo ndugu kwa kuwa ndiye aliyekuwepo siku ya kusaini. Wakiwa hai wote wawili, na wakipendana, mambo huenda. Ndugu wa nyumbani akifa kwanza, nyumba inaingia katika mirathi yake, na mjane wake hakosei anaposema kwamba karatasi zinaonyesha ni ya mumewe. Hapo hapatakuwa na mwizi hata mmoja, bali familia mbili zilizodhulumiwa na ukimya wa watu wawili waliokuwa wakiaminiana. Maandishi mafupi yaliyosainiwa na wote wawili, yenye mashahidi na kuambatanishwa na kumbukumbu za fedha zilizotumwa, yangeliondoa tatizo hilo zima.

Fedha zimetawanyika zaidi kuliko ardhi. Mfanyakazi aliyeanza kazi miaka ya 1990 huenda alichangia mfuko ambao leo hauitwi tena hivyo: NPF iligeuka NSSF mwaka 1997, na PPF, LAPF, PSPF na GEPF ziliunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF. Mtoto aliyezaliwa baadaye hajui hata kwamba mifuko hiyo ilikuwepo. Bila namba ya uanachama na majina ya waajiri, hana pa kuanzia kuulizia. Kuna hati za hisa zilizonunuliwa Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza mauzo mwaka 1998, kuna vipande vya Mfuko wa Umoja vya tangu 2005, kuna hisa za SACCOS ya kazini na AMCOS ya kijijini. Kenya ilikubali ukubwa wa tatizo hili kwa kutunga sheria ya mali za fedha zisizodaiwa mwaka 2011 na kuunda mamlaka ya kuzikusanya. Chini ya sheria hiyo akaunti ya benki iliyokaa miaka 5 bila mwenyewe kuigusa, na salio la pesa za simu lililokaa miaka 2, huhesabiwa kuwa halina wa kulidai na hupelekwa huko. Mamlaka hiyo inashikilia makumi ya mabilioni ya shilingi. Si fedha zote hizo ni za waliokufa, lakini inatosha kujua kwamba taifa jirani lililazimika kujenga ofisi nzima kwa sababu watu hawakuwaambia watu wao mahali fedha zilipo.

Simu inastahili neno la peke yake. Leo mtu anaweza kuwa na akiba, mkopo, bima na uhasibu wa kikundi kizima ndani ya simu moja, na wengi wanaamini kwamba kumwachia mke au mtoto namba ya siri ndiyo maandalizi. Hapana. Mwenye akaunti akishafariki, fedha zake ni sehemu ya mirathi, na kuzitoa kwa namba yake ya siri kabla ya mahakama kumteua msimamizi ni kuingilia mali ya marehemu. Kenya inalitaja jambo hilo kuwa kosa katika kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi. Mjane anayetoa laki tatu za sanda na chakula cha wageni kwa nia njema kabisa anaweza kujikuta, miezi sita baadaye, akiulizwa mbele ya ukoo mzima zilipo milioni tatu. Rekodi ya muamala inaonyesha saa na siku. Anachohitaji mrithi ni orodha: laini gani, mtandao gani, imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani, akaunti zipi zimefungamana nayo. Barua ya mahakama itafungua vilivyobaki. Kwa gharama za msiba ni afadhali mume na mke wawe na akiba ndogo ambayo ni ya mmoja wao waziwazi au ya chama chao cha kuzikana.

Katika madeni kuna hasara ambayo haionekani. Mikopo mingi ya wafanyakazi na ya benki huambatana na bima ya maisha ya mkopaji, iliyokatwa kwenye mkopo wenyewe siku ya kwanza, ili mkopaji akifa salio lilipwe na kampuni ya bima. Familia isiyo na nakala ya mkataba wa mkopo haijui hilo. Huogopa nyumba kupigwa mnada, huuza ng'ombe au gari haraka kwa bei ya kutupa, na hulipa deni ambalo huenda lilikwisha kulipiwa bima. Na kwa madeni ya watu binafsi, daftari dogo lenye tarehe, kiasi na sahihi ya mkopaji linatosha kukabiliana na lile tangazo la makaburini ambalo haliwaiti wadaiwa. Waislamu hawana haja ya kutafuta hoja mbali: aya ya deni katika Suratul Baqara inaagiza mkopo wa muda uandikwe na ushuhudiwe, na agizo hilo linamhusu tajiri na maskini sawia.

Swali lingine linalongojea ushahidi ni la sheria ya kutumika. Tanzania Bara mirathi yaweza kufuata sheria ya kimila kama ilivyotangazwa mwaka 1963, au sheria ya Kiislamu, au ile sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo bado inatumika kwa wengine, hasa Wakristo walioacha kuishi kimila. Mahakama huuliza marehemu aliishi maisha ya namna gani na alikusudia nini. Katika shauri la Innocent Mbilinyi la mwaka 1969, Mahakama Kuu iliona kwamba Mngoni huyo Mkristo, aliyeoa Mchagga na kuishi mbali na desturi za kwao, hakupaswa kurithiwa kimila. Tofauti kati ya majibu hayo si ndogo, kwa kuwa Tangazo la 1963 halimpi mjane fungu katika mali ya mumewe pale ukoo wa mume upo. Linamwacha atunzwe na watoto wake. Ukurasa mmoja uliosainiwa, unaoeleza mtu alifunga ndoa wapi, anafuata dini gani, anaishi wapi na anataka mambo yake yaongozwe na sheria ipi, hauwezi kuifunga mahakama, lakini unaipa kauli ya mhusika mwenyewe badala ya kauli zinazokinzana za mashemeji. Zanzibar, ambako mirathi ya Waislamu hushughulikiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, swali hili lina uzito mdogo zaidi.

Kuna wanaosema kwamba kuyapanga haya ni uchuro, kujiitia kifo. Hisia hiyo naiheshimu, lakini matendo yetu yanaikana. Watu walewale wasiotaka kuandika mali zao huchangia kila mwezi chama cha kufa na kuzikana, huandikisha majina ya wazazi na wakwe, na hulipa faini wasipohudhuria msiba wa mwanachama. Yaani kifo tumekwisha kukipangia bajeti. Tulichokiacha ni siku ya arobaini na zinazofuata, wakati wapishi na maturubai vimeondoka na mjane amebaki na maswali ya ofisini.

Pingamizi la siri lina nguvu zaidi, na sioni haki kulipuuza. Wapo wazee walioonyesha hati zao kwa watoto wakaanza kusukumwa wauze. Wapo wake na waume walioogopa, kwa sababu za kweli, kwamba mwenzao akijua kiasi cha akiba hataacha kitu. Jibu ni kutenga mambo matatu ambayo kwa kawaida huchanganywa: kwamba faili lipo, liko wapi, na ndani yake mna nini. Jambo la kwanza lijulikane na wote. La pili lijulikane na watu wawili wasio na masilahi yanayofanana, tuseme mke na kaka wa mume, au binti na mchungaji, ili mmoja asiweze kulificha bila mwingine kusema. La tatu si lazima lijulikane na mtu yeyote mpaka siku yake. Bahasha iliyofungwa inaweza kukaa kwa wakili au benki, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) hupokea wosia na kuutunza. Orodha yenyewe haihitaji kutaja kiasi cha fedha. Jina la benki na tawi linatosha, kiasi kitajulikana baadaye. Kinachohitajika zaidi ni tarehe juu ya ukurasa, na mazoea ya kuirudia orodha mara moja kwa mwaka, kwa mfano wakati wa kuhesabu zaka au wa kulipa kodi ya ardhi, kwa sababu orodha ya miaka kumi iliyopita inaweza kupotosha kama ile isiyokuwepo.

Wengine husema hawana mali ya kuandikia faili. Lakini mirathi ndogo ndiyo isiyoweza kuhimili gharama za kutafutwa: safari mbili za kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam kufuatilia mafao zinaweza kumaliza sehemu nzuri ya mafao yenyewe. Wengine, hasa ndugu Waislamu, husema Mungu amekwisha kugawa. Ndiyo, mafungu yameainishwa, na mjane wa mume aliyeacha watoto ana thumni yake. Lakini thumni ya nini? Fungu huhesabiwa juu ya kilichobaki baada ya mazishi, madeni na wosia usiozidi theluthi, na ikiwa mali yote haijulikani, mjane atapewa thumni ya kilichoonekana huku kilichofichwa kikiliwa na mwingine. Anayeamini kwamba mafungu ni amri ya Mungu ana sababu zaidi, wala si chache, ya kuhakikisha kiasi kinachogawiwa ni kamili.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la wale wanaosema karatasi hazijawahi kumzuia shemeji aliyekuja na lori. Hawakosei. Wajane wawili washonaji waliofukuzwa majumbani mwao chini ya Tangazo la 1963 walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 iliuona ubaguzi lakini haikuifuta sheria, na ilibidi waende hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, iliyowapa haki kwa uamuzi wake wa mwaka 2015. Faili zuri halirekebishi sheria mbaya. Lakini linabadili uwanja wa mapambano. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Mwanza, aliamua kwamba Holaria Pastory, mwanamke Mhaya, alikuwa na haki ya kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume. Ardhi hiyo aliipata kwa wosia halali wa baba yake. Kwa kuwa chanzo cha haki yake kilikuwa wazi, mahakama ilibaki na swali moja tu, je, mila inaweza kumbagua mwanamke, na hilo likajibiwa. Angelazimika kwanza kuthibitisha kwamba baba alimpa, pengine shauri lisingefika huko.

Isitoshe, si kila kitu kilichomo ndani ya nyumba ya marehemu ni mirathi, na hapa kumbukumbu zina nguvu kuliko sheria yoyote ya mgawanyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haibadili umiliki: kilicho cha mke ni cha mke. Lakini sheria hiyohiyo inakichukulia kitu chenye jina la mwanandoa mmoja kuwa ni chake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na chenye majina ya wote wawili kuwa chao kwa mafungu sawa. Mwanamke aliyenunua kiwanja kwa fedha za kikoba na kukiandikisha kwa jina la mumewe, kwa heshima au kwa sababu mwenyekiti wa mtaa alitaka kuandika jina la baba wa nyumba, atakikuta kiwanja chake kwenye Fomu Namba 5 ya mumewe. Wanaume waliopewa ushauri wa kupanga nyaraka ni wengi. Wanawake ni wachache, kana kwamba wao hurithi tu na hawarithiwi. Mke naye awe na faili lake: daftari la kikoba, risiti za cherehani na jokofu, mkataba wa kiwanja, namba ya laini yake ya biashara. Na katika mafaili yote mawili kuwe na karatasi moja inayofanana, iliyosainiwa na mume na mke mbele ya mashahidi, inayosema kipi ni cha nani na kipi ni cha wote. Iandikwe wakiwa wazima na wakiwa na amani nyumbani, maana ikiandikwa wakati wa maradhi au wa ugomvi, wakili wa upande wa pili ataanza kuipinga kwa kutaja tarehe yake.